Kidevu cha Cavic

Wako hata leo wanaoshika kauli ya kwamba Milorad Cavic wa Serbia alidhulumiwa katika Olimpiki ya Beijing tarehe 16 Agosti 2008, na kwamba bamba la kugusia ndilo lililomnyang'anya dhahabu ya mita 100 za kipepeo kwa sehemu moja katika mia ya sekunde, 50.58 za Michael Phelps dhidi ya 50.59 zake, nami, ingawa nimechoka kubishana na watu waliokwisha kukata shauri kabla ya kutazama picha, sina budi kusema tena kwamba dhuluma haikuwapo, ila alikuwapo mwogeleaji aliyeamua kuteleza ilhali ilimpasa kupiga mkono mmoja zaidi.

Mbio zenyewe mnazikumbuka. Nusu ya kwanza Cavic aliogelea bila taksiri, akageuka kwa 23.42, na Phelps, aliyekuwa jirani yake katika njia ya tano, akageuka wa saba kwa 24.04.

Tuje basi kwenye mita za mwisho, ambako ndiko mambo yalikoharibika. Mikono ya Cavic ilimaliza kusukuma maji mapema mno, ukuta ukiwa karibu lakini si wa kufikiwa, na hapo alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: ama aizungushe mikono upya, kwa ufupi na kwa haraka, hata kama umbo lake lingewachukiza walimu wapendao uzuri, ama aunyooshe mwili na kuuacha uende wenyewe. Akachagua la pili. Na lau angelitimiza sharti zake, yaani uso chini, masikio kati ya mikono, nyonga juu karibu na uso wa maji, yamkini tungekuwa tunasimulia habari nyingine. Walakini aliinua kichwa, akautafuta ukuta kwa macho, kidevu kikatangulia mahali ambapo utosi ndio uliopaswa kutangulia. Katika picha za chini ya maji alizozipiga Heinz Kluetmeier, vidole vya Cavic vimekwisha kunyooka vikielekea ukutani na mikono ya Phelps ingali inakuja kutoka juu, na mtu asiyejua kilichofuata angeapa kuwa Mserbia ameshinda. Ila mkono unaokuja una kasi, na mkono ulionyooka unaishi kwa akiba.

Akiba hiyo majini haidumu. Ukinzani wa maji huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo mwili ulioacha kusukumwa hupoteza mwendo wake upesi zaidi pale pale unapokuwa mwepesi zaidi. Na kichwa kikiinuka nyonga huzama, kifua kikayakabili maji kama mlango uliofunguliwa dhidi ya upepo. Waogeleaji wa kipepeo humaliza mbio hizi kwa kasi isiyofika mita mbili kwa sekunde, maana yake sehemu moja ya mia ya sekunde haifiki sentimeta mbili, na kidevu kilichoinuka kwa muda huo mfupi chaweza kula zaidi ya hizo. Ama Phelps, yeye alipiga ile nusu mkono, na baadaye akakiri kwamba pale pale alidhani imemponza. Wasemao ni bahati wamesahau Athens 2004, 51.25 dhidi ya 51.29 za Ian Crocker, mbio hizo hizo, ukutani pale pale.

Waserbia walipeleka malalamiko. Aliyezitazama picha akatoa hukumu alikuwa mwamuzi Ben Ekumbo wa Kenya, na maelezo yake, ambayo laiti wachambuzi wetu wangeyasoma kabla ya kulilaumu bamba, yalikuwa ya kiufundi tu: mmoja alikuwa akipiga mkono, mwingine akiteleza. Bamba halitambui ncha ya kidole iliyolifikia, hutambua kubonyezwa. Cavic mwenyewe, kwa uungwana wake, hakulipigania jambo hili.

Kosa hili la kuteleza halikuwa geni, na hilo ndilo liniudhilo. Seoul 1988, Matt Biondi aliongoza, akajikuta ukuta umemfikia baina ya mkono na mkono, akateleza, na Anthony Nesty wa Suriname akampita, 53.00 kwa 53.01. Miaka 20 ikapita, somo likiwa wazi, na bado. Nitaambiwa waogeleaji wa siku hizi ni wepesi kuliko wale. Wepesi wa nani, wao au nguo zao? Mary T. Meagher aliogelea mita hizo hizo, kwa wanawake, kwa 57.93 mwaka 1981 akiwa na vazi la kawaida, na rekodi yake ikakaa hadi 1999. Mjini Roma 2009, kwa vazi la poliyurethani, zilivunjwa rekodi 43 katika mashindano mamoja, na FINA, shirikisho la kuogelea la dunia, ikazipiga marufuku nguo hizo kuanzia Januari 2010, lakini rekodi ikaziacha vitabuni. Huko Roma Phelps alimshinda Cavic tena, 49.82 kwa 49.95.

Na turudi kwenye kidevu: wanaochunguza mikao ya vijana wanamichezo wametueleza vya kutosha juu ya mabega yaliyoinama mbele, kifua kikiwa kimekaza na misuli ya mgongo wa juu imelegea, hata mtoto hawezi kuiweka mikono sambamba na masikio bila kuukunja mgongo au kuinua kidevu; walakini makocha wetu wangali wakihesabu kilomita, na mwisho wa kila zamu watoto wanaufikia ukuta hivi hivi, mmoja akiteleza, mwingine akisimama kabla ya kugusa, na hakuna asemaye neno.

Tena hata Phelps hakusalimika na kosa la kuteleza. London 2012, mita 200 za kipepeo, aliongoza, akateleza kwenye mguso wa mwisho, na Chad le Clos wa Afrika Kusini, kijana aliyekua akimhusudu Phelps huyo huyo, akapiga mkono wake mpaka mwisho: 1:52.96 kwa 1:53.01.