Siku za Kupunguza Bei

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ewe msomaji, yafaa tuipime kwa neno hilo desturi moja iliyoenea upesi duniani: desturi ya kutenga siku katika mwaka ili bei zipunguzwe na watu waingie madukani kwa wingi.

Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Ijumaa Nyeusi. Ilizaliwa Marekani, nayo hufuata Alhamisi ya nne ya Novemba, ambayo ni sikukuu yao ya Shukrani. Jina lake halikuanza kwa sifa. Katika miaka ya 1950 na 1960 polisi wa mji wa Philadelphia walilitumia kuulalamikia umati na magari yaliyoujaza mji siku hiyo. Wenye maduka hawakulipenda, na mwaka 1961 walijaribu kulibadili wasifaulu. Baadaye, katika miaka ya 1980, yakaenea maelezo mengine: kwamba siku hiyo vitabu vya hesabu hutoka katika wino mwekundu wa hasara vikaingia katika wino mweusi wa faida. Hivyo lawama ilivishwa nguo za sifa.

Huko China vijana wasio na wenzi walikuwa na siku yao, tarehe 11 Novemba. Mwaka 2009 kampuni ya Alibaba iliifanya siku ya biashara. Na mwaka 2019 ilitangaza mauzo ya yuan bilioni 268 kwa saa 24. Sisi wa Kenya nasi, ambao hatuna sikukuu ile ya Shukrani, tumeipokea Ijumaa bila ya Alhamisi yake.

Si haki kulaumu kila kitu. Mzazi aliyehitaji jiko tangu Machi, akaweka akiba, akalinunua Novemba kwa bei ya chini, ametenda kwa busara. Yeye ameitumia siku. Siku haikumtumia yeye.

Lakini si wote walio kama yeye. Tuseme viatu vya shilingi 2,000 vyaandikwa bei ya shilingi 3,000, kisha yatangazwa kwamba bei imepunguzwa kwa asilimia 30. Mnunuzi hulipa shilingi 2,100, akarudi nyumbani akishangilia kuwa ameokoa 900, kumbe amezidishiwa 100. Usidhani kuwa hila hii ni ya hadithi tu. Kwa kuichelea, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 iliwataka wauzaji wanaotangaza punguzo waonyeshe pia bei ya chini kabisa waliyotoza katika siku 30 zilizotangulia.

Tena hasara si ya fedha peke yake. Alfajiri ya tarehe 28 Novemba 2008, huko Valley Stream katika jimbo la New York, umati uliivunja milango ya duka moja kubwa ukamkanyaga mfanyakazi hata akafa. Watu wale hawakutoka makwao kwenda kuua. Kila mmoja alichelea kutanguliwa na mwenziwe, na hofu hiyo ndiyo bidhaa ya kwanza aliyoinunua siku ile. Leo wengi hununua kwa simu, wala hawakanyagani. Lakini tangazo huandamana na saa ihesabuyo dakika zilizosalia, na hofu ni ile ile.

Kujitembeza, basi, si ushahidi tosha wa ubaya wa kitu, ila ni sababu njema ya kukitazama mara mbili. Tangazo likikujia, jiulize maswali matatu. Je, nilikihitaji kitu hiki jana? Mwezi uliopita kiliuzwa bei gani? Na fedha hizi niliziweka kwa kazi gani? Ukiridhika na majibu, nunua bila ya haya. Usiporidhika, kaa na ulicho nacho, wala usiache mbachao kwa msala upitao.