Filme «City of Joy»: kisha miezi sita, shamba ni la nani?

Wengi wenu mumeisha kuona filme City of Joy ya Madeleine Gavin. Ilitoka 2016, na tangu 2018 iko kwenye Netflix. Inaonyesha Cité de la Joie, nyumba ya hapa Bukavu iliyofunguliwa 2011 na Christine Schuler Deschryver, Eve Ensler (siku hizi anajiita V) na Daktari Mukwege. Wanawake 90 wanaingia humo kwa miezi sita, wengi wao walipita mikononi mwa watu wa silaha. Kwangu mimi ni filme nzuri, lakini inasimama pale kazi ngumu inaanza.

Uzuri wake kwanza. Bamama wanasema wenyewe, mu Swahili yetu hii, na tunawaona wakicheka, wakicheza, wakijifunza kujitetea. Sisi tulizoea kuwaona mu maraporti, sura imefichwa, machozi tu. Eve Ensler anapata nafasi kubwa, pengine kupita kiasi, lakini si pale njo kunaniuma.

Watu wanasema ni filme juu ya ubakaji. Ni filme juu ya biashara ya watu pia. Maana ambayo Protokole ya Palermo ya 2000 inatoa haiombi muntu avuke mpaka: kumuchukua kwa nguvu na kumuweka fasi fulani ili atumikishwe, kwa kazi ao kwa ngono, inatosha. Na sheria yetu ya tarehe 26 Desemba 2022 iliingiza kosa hilo katika kodi penali. Binti aliyekaa msituni miaka miwili hakubakwa tu. Alibeba mizigo, alichota maji, alipika. Hospitali inatibu kidonda, na inatibu vizuri. Ile miaka miwili ya kazi bila malipo nani anaihesabu? Anarudi bila franga, bila mbegu, mara nyingi na mtoto. Na kwetu mtoto anapata udongo kwa upande wa baba.

Cité de la Joie walielewa jambo hili mbele ya wengi, njo maana wana shamba lao, V-World Farm. Lakini siku moja mama anatoka, anarudi kwao. Maisha ya kisha kutoka yanapata nafasi ndogo sana mu filme, na mimi agronome ni pale nilitaka kamera ikae.

Mu Bushi kuna kalinzi: unatoa ng'ombe (leo mara nyingi franga) kwa chefu, unapata udongo wa kudumu, watoto wanarithi. Kuna pia bwasa: unakodisha kwa msimu mmoja ao miwili. Mama asiye na mwanaume wa kumusimamia, mara nyingi anabakia na bwasa. Na mu bwasa hauna ruhusa ya kupanda mgomba wala kahawa, sababu mti wa kudumu ni kama kusema udongo ni wako. Basi anapanda maharagi, miezi tatu, anavuna, anarudisha shamba. Nani atachimba mifereji ya kuzuia maji kwenye udongo wa kurudisha mwezi wa kwanza? Nani atabeba mbolea kwa mgongo, mwaka kesho ale mwingine? Na sisi wa fakilte tunasema wakulima hawapendi mbinu mpya!

Makiti ya mashirika, muyajue: jembe, kilo chache za maharagi, mbuzi kama muko na bahati. Nilipofanya staji ku shirika moja, mbegu zilifika mwezi wa kumi na moja, wakati sezoni A inaanza mwezi wa tisa. Bamama walizipika. Walifanya vizuri, njaa haiwezi kungojea sezoni B. Raporti ilisema wao njo hawakufuata maelekezo.

Mukumbuke Daktari Mukwege alivyokimbilia nje kisha watu wa silaha kumushambulia kwake mwezi wa kumi 2012. Bamama maskini kabisa waliuza mananasi na vitunguu ili kumulipia tikiti, akarudi mwezi wa kwanza 2013. Tunaisimulia kama hadithi ya mapendo, na ni kweli. Lakini nanasi inaomba zaidi ya mwaka mmoja ardhini mbele ya kuzaa. Haiwezekani mu bwasa ya msimu mmoja.

Sasa kuna FONAREV, mfuko wa fidia kwa wahanga, ambao unapata asilimia 11 ya redevansi ya madini. Franga hizo zinaweza kununua kalinzi, pamoja na karatasi yenye jina la mama, sahihi ya chefu na mashahidi. Bei ya semina mbili tatu za hoteli ingetosha kuanzia.

Wenzangu wa Droit, hapa ninawaachia ninyi. Sheria ya udongo ya 1973, artikle 389, iliahidi ordonansi ya rais juu ya udongo wa kimila, ikakaa miaka makumi bila kutoka. Mama akiwa na kalinzi kwa jina lake, halafu shemeji akuje kumufukuza, ni karatasi gani itamusimamia mbele ya juge? Muandike hapa chini.