Jicho la Kwera

Ndege wa manjano mwenye kichwa cheusi akitua kwenye ua wa minyaa hapa Bujora, kila mtu atasema ni kwera, na hatakuwa amekosea. Kazi inaanzia hapo: kwera yupi? Ukanda huu wa Ziwa Victoria una kwera wengi wanaofanana. Wageni wanaokuja kutazama Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, au ngoma za Bulabo mwezi Juni, huwapita bila kugeuza shingo.

Ninayependa kumtazama akiwatazama ndege hawa ni mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Kisesa. Kinachonivutia kwake ni kwamba hana haraka ya kutaja jina. Watoto humzonga, "Babu, yule nani?" Naye huwarudishia swali: "Jicho lake mmeliona?"

Jicho ndilo ushahidi wake wa kwanza. Likiwa jekundu, huenda ni Ploceus cucullatus, yule anayejaza viota na kelele kwenye mti mmoja. Likiwa jeupe la maziwa, na miguu ina rangi ya kijivu, ni intermedius, ambaye ni mdogo kidogo. Likiwa jeusi au la kahawia nzito, mwalimu hugeuka kuangalia upande wa matete na mafunjo ya ziwani, kwao melanocephalus.

Baada ya jicho, mgongo. Huyu cucullatus ana mgongo wa madoadoa, nyeusi na manjano zikichanganyika. Kwera mwingine, jacksoni, naye ana jicho jekundu vilevile, ila mgongo wake ni dhahabu tupu na tumbo ni la hudhurungi. Wengi tunatazama kichwa kwa sababu ndicho kinachong'aa, na kichwa ndicho kinachotudanganya.

Ndege akiruka kabla hajachunguzwa, mwalimu hukiendea kiota. Mviringo wenye mlango unaotazama chini, katikati ya viota vingine vingi, una mwenyewe wake. Kile chenye bomba refu linaloning'inia kama soksi, kikiwa peke yake mtini, ni cha ocularis, ambaye huishi wawili wawili na ana mstari mweusi unaopita jichoni.

Majike ndio mtihani wenyewe. Wengi wao wana rangi ya majani makavu, na nje ya msimu wa kutaga hata madume wengi huvua weusi wao. Hapo mwalimu huandika daftarini, "kwera, jike, hakutambulika," na wala haoni aibu. Kwangu mimi mstari huo una thamani kuliko majina kumi yaliyobahatishwa.

Jike mwenyewe, kumbe, ni mtambuzi hodari. Kuna kekeo mdogo wa kijani king'aavu ambaye hutaga kwenye viota vya kwera ili wamlelee kinda. Kila jike wa cucullatus hutaga mayai ya rangi na madoa yake maalumu, tofauti na ya jirani yake. Akikuta yai lisilofanana na yake, hulitupa nje. Watoto waliposikia hivyo walitaka kupanda mtini wakahakikishe. Mwalimu akawakataza, akawapa darubini, na wakaanza kugombania zamu.