Mkweche Wenye Kazi

Kila mwaka baridi inapopungua Ulaya, wenye magari ya kale huyatoa bandani, wakayapangusa, wakaondoka Ijumaa jioni kwenda kulala siku mbili katika miji midogo ya Ufaransa kama Beaune, penye mvinyo mzuri na njia za mashambani zisizo na malori mengi. Jumapili gari hurudi bandani. Ni burudani isiyomdhuru mtu, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko kwenye kanuni. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa Paris mwaka 1966, linalihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa limetimiza miaka 30, limetunzwa katika hali inayolingana na historia yake, na halitumiki kwa usafiri wa kila siku. Sharti hilo la mwisho linaitoa nje ya historia Landrova ya mwaka 1970 inayobeba magunia ya mpunga kutoka Chita kwenda Ifakara, Tanzania, kwa kosa la kufanya kazi. Naelewa kwamba liliwekwa ili serikali zikubali kuyalegezea magari hayo sheria za kodi na moshi. Hata hivyo, kama kipimo cha thamani, limesimama kichwa chini miguu juu. Gari lililoundwa kwa ajili ya kazi huhifadhiwa vizuri zaidi likiwa kazini, na mhifadhi wake mkuu ni fundi wa gereji ya kando ya barabara.

Chita iko chini ya milima ya Udzungwa, kwenye njia ya Ifakara kwenda Mlimba. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita hapo, lakini treni haiingii shambani. Baina ya stesheni na jaruba kuna udongo wa bonde, ule ambao kiangazi hupasuka nyufa na masika humeza gurudumu hadi kwenye ekseli. Ng'ambo ya pili ya bonde hali haikuwa nyepesi: mpaka Daraja la Magufuli lilipofunguliwa mwaka 2018, aliyetoka Ifakara kwenda Mahenge aliuvuka Mto Kilombero kwa kivuko. Katika nchi ya namna hii gari halipimwi kwa mng'ao wa rangi. Linapimwa kwa swali moja: likikwama au likizimika huko porini, linatengenezeka papo hapo?

Landrova inatengenezeka, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilitolewa kwa mgawo Uingereza, kwa hiyo kampuni ya Rover iliunda bodi ya aluminiamu, ikayaacha mabati mengi yakiwa bapa ili yakunjwe kwa zana rahisi. Gari la majaribio la kwanza lilijengwa juu ya chasisi ya jipu la Kimarekani. Landrova ilipoonyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948 ilikuwa gari la kuungaunga lililofaulu. Toleo refu la baadaye, 109, lilipata jina kutokana na idadi ya inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Magari mengi ya toleo hilo yana injini ya silinda nne yenye sentimita za ujazo 2,286, ya petroli au dizeli, isiyo na kompyuta yoyote. Bodi imefungwa kwa boliti. Milango, boneti na mabawa hufunguliwa kimoja kimoja kwa spana za kawaida.

Hata hivyo wepesi wa kufungua si wepesi wa kujua, na hapo ndipo ufundi unapoanza. Injini ya dizeli ikikosa nguvu, fundi mzuri haifumui. Huiacha iungurume, akalegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine, akisikiliza. Mngurumo ukibadilika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika, ugonjwa ameupata. Moshi nao anausoma: wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni dizeli iliyozidi hewa. Chasisi, ambayo ni ya chuma na ina uwazi ndani, huliwa na kutu kuanzia ndani wakati nje bado inaonekana nzima, kwa hiyo huigonga kwa nyundo na kusikiliza tena. Palipooza hukatwa, pakachomelewa bamba jipya. Mahali aluminiamu inapogusana na chuma na unyevu ukaingia, aluminiamu hugeuka unga mweupe, na fundi asiyelijua hilo atapaka rangi juu ya uozo. Bushi isiyopatikana dukani huchongwa kwa mashine. Gasketi hukatwa kwa mkono kutoka kwenye karatasi yake.

Kuna watakaosema huo ni umaskini uliopambwa: watu hao wangekuwa na fedha wangenunua gari jipya. Huenda ni kweli. Lakini ukata haujamfundisha mtu kusikiliza nozeli. Mikweche iliyokufa imejaa kila mahali penye ukata. Iliyo hai iko mahali penye fundi. Wengine watauliza kama Landrova iliyopandikizwa injini ya Kijapani bado ni Landrova. Gari lililoanza maisha juu ya chasisi ya jipu haliwezi kuwa na wivu wa aina hiyo.

Pingamizi la usalama ni zito zaidi, na silikwepi. Breki za ngoma za zamani haziwezi kushindana na za leo, na vipo vitu ambavyo ubunifu haufai kuvigusa: mpira wa breki, viungo vya usukani, nati za magurudumu. Fundi anayebahatisha hapo si fundi. Wanaostahili sifa hizi ni wale wanaojua wapi pa kubuni na wapi pa kumwambia mwenye gari asubiri spea kutoka Dar es Salaam. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Ningependa kuona wazee wa gereji wakiutumia, na vijana wanaowashikia spana wakifuata.

Wafaransa wenyewe wana deni hapa. Peugeot 404, iliyotoka kiwanda cha Sochaux, ilishinda mbio za East African Safari mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Mbio mbili kati ya hizo, za 1966 na 1967, alizishinda Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania. Sifa ya uimara ambayo gari hilo linayo kwa wapenzi wa magari ya kale imetokana kwa sehemu kubwa na vumbi na tope la Afrika Mashariki.

Kwa hiyo wewe uliyerithi 109 iliyosimama nyuma ya nyumba tangu mzee alipofariki, usikubali bei ya mnunuzi wa vyuma chakavu kabla fundi hajaigonga chasisi. Chasisi ikiwa nzima, mengine yote yanatengenezeka.