Sauti ya Msimulizi katika Hadithi za Sayansi: Mfano wa Kilimanjaro

Mtunzi wa hadithi ya sayansi humtaka msomaji asadiki mambo ambayo hayajapata kuonekana. Imani hiyo haizaliwi na ukubwa wa ajabu, bali na sauti ya anayelisimulia. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, Shaaban Robert aliiweka nchi nzima hewani bila ya kueleza imeshikwa na nini. Utulivu wa usemi wake, mithili ya mzee barazani, humtosha msomaji.

Kanuni hiyo yadhihirika katika kazi mbili za Ian McDonald, mtunzi wa Ireland ya Kaskazini. Katika riwaya yake Chaga (1995), kitu kutoka angani chaanguka juu ya Kilimanjaro, na hapo yaota mimea migeni isogeayo mita 50 kila siku, ikimeza yote yaliyo mbele yake. Mimea hiyo imepewa jina la Wachaga, wenyeji wa mlima. Mambo yaonekana hasa kwa macho ya Gaby McAslan, mwandishi wa habari aliyetoka Ireland ya Kaskazini. Sauti hiyo ina shauku ya mgeni, nayo yampa msomaji wa mbali furaha ya safari. Lakini kwa msomaji wa Machame au Marangu, ardhi inayomezwa ni kihamba: migomba, kahawa, mfongo uletao maji kutoka juu, na makaburi ya wazee. Huyo hupata ajabu, asipate msiba.

Katika Tendeléo's Story (2000) ajabu ni lile lile, ila sauti imebadilika. Sehemu kubwa yasimuliwa na msichana wa Kenya, binti wa mchungaji, ambaye kijiji chake chamezwa. Mita 50 zilizokuwa habari ya gazeti sasa ni hesabu ya kuhama: kilomita moja ni siku 20. Hadithi hii ni fupi kuliko riwaya, lakini yagusa moyo zaidi, kwa kuwa msemaji ana cha kupoteza.

Hata hivyo, katika kazi zote mbili usimulizi haukukabidhiwa Mchaga. Jina lake limepewa mmea, na sauti yake haikusikika. Upungufu huo hauondoi sifa za mtunzi, bali waonyesha nafasi iliyo wazi kwa mtunzi wa Moshi atakayeisimulia ajabu hiyo kwa Kiswahili, akiwa amesimama ndani ya kihamba.