Antena Nyingi, Kazi Mbili: Kipokezi Kinavyopanua Mtandao Usio na Mnara

Katika mtandao usio na mnara, ambamo vifaa hurushiana data moja kwa moja, kinachobana uwezo ni mawimbi ya majirani. Mwaka 2000, Piyush Gupta na P. R. Kumar walionyesha ukali wa kikwazo hicho: vifaa vikiongezeka mara 100, fungu la uwezo la kila kimoja hushuka hadi takriban sehemu moja ya kumi.

Antena nyingi zilitazamiwa kuleta nafuu. Tangu kazi za watafiti Foschini na Telatar miaka ya 1990, ilijulikana kuwa antena nyingi pande zote mbili huwezesha mikondo kadhaa ya data kupita pamoja katika masafa yaleyale. Lakini palipo na msongamano, kila mkondo wa ziada ni usumbufu mwingine kwa jirani.

Nihar Jindal, Jeffrey Andrews na Steven Weber, katika utafiti wao wa 2011, walimwachia mtumaji antena moja tu na kuzipeleka nyingine zote kwa mpokeaji. Mawimbi hufikia kila antena kwa tofauti ndogo. Kipokezi hupima tofauti hizo, hukipa kila kilichopokewa na antena uzito wake, kisha hujumlisha. Uzito ukichaguliwa sawasawa, mawimbi ya jirani hukatana yakatoweka, na ya mtumaji hurundikana. Kila jirani anayefutwa hugharimu uwezo wa antena moja. Uwezo unaobaki huikuza ishara inayotakiwa.

Siri iko kwenye mgawanyo. Chukua mazingira ambamo nguvu ya mawimbi hufifia kwa kipeo cha 4 cha umbali. Antena zote zikitumika kukuza ishara tu, kuziongeza mara 4 huongeza mawasiliano ya wakati mmoja mara 2 tu. Zikitumika kufuta majirani tu, hali ni hiyohiyo. Zikigawanywa nusu kwa nusu, antena mara 4 huzaa mawasiliano mara 4. Majirani wachache wa karibu ndio wenye madhara makubwa. Wakishafutwa, ishara iliyokuzwa hushindana na mabaki hafifu ya mbali, na faida hizo mbili huzidishana.

Muhimu zaidi, watafiti hawakuitumia nafuu hiyo kuharakisha kiungo kimoja. Waliruhusu jozi nyingi zaidi zirushe kwa pamoja.

Gharama ipo: mpokeaji lazima azijue njia za mawimbi ya wale anaowafuta, na vifaa vikihama vipimo huchakaa upesi. Watafiti walionyesha kuwa faida hubaki hata vipimo vikiwa na kasoro, lakini muda wa kupima bado unatoka kwenye muda wa kurusha data.

Ndiyo maana naamini kasi ya kiungo kimoja ni kipimo kinachopotosha katika mitandao hii. Mbunifu aanze kwa kuuliza ni jozi ngapi zinaweza kuwasiliana kwa wakati mmoja katika eneo lake, ndipo aamue antena ngapi azikabidhi kazi ya kufuta na ngapi kazi ya kukuza.