Gauni Lililoshonwa kwa Akili ya Fundi Kofia

Kwa mbele, gauni la Clover Leaf ambalo mbunifu wa mavazi Charles James alimtengenezea mteja wake Austine Hearst mwaka 1953 linavutia kwanza kwa rangi. Juu ni satini nyeupe isiyo na mikanda ya mabegani, kati unapita ukanda mpana wa mahameli nyeusi unaopanda na kushuka kwa mawimbi, chini weupe unarudi. Siri yake inaonekana ukilitazama kutoka juu. Sketi imegawanyika kama jani la klova lenye pande nne: upande mmoja mbele, mmoja nyuma, na mbili ubavuni.

Wachambuzi wengi hulinasibisha na magauni ya krinolini ya karne ya 19. Kweli James aliyapenda mavazi ya enzi hiyo. Lakini kwa maoni yangu mzizi wa kazi hii ni kofia. Mwingereza huyu, aliyezaliwa mwaka 1906, alianza ufundi mjini Chicago akitengeneza kofia za wanawake, na fundi kofia hategemei kitambaa kining'inie mwilini. Yeye hujenga umbo linalosimama lenyewe, kisha huamua ukingo uinuke wapi na uiname wapi. Umbo hilo la pande nne James alikwisha kulitumia kwenye kofia zake za miaka ya 1930. Akaliunganisha na sketi yake ya petali ya mwaka 1948, na hapo Clover Leaf ikazaliwa.

Ndani kuna tabaka nne. Inayogusa mwili ni gagulo la tafeta. Juu yake linakuja gagulo la pili, gumu, ambalo ndilo mifupa ya gauni zima. Kisha la tatu linalotanua pindo, na mwisho gauni lenyewe. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilipomfanyia James maonyesho makubwa mwaka 2014, lilitumia picha za eksirei kuwaonyesha watazamaji mambo yaliyofichwa chini ya hariri.

Gauni hili lina uzito wa karibu kilo 4.5. Mabegani halina pa kushika, na kifua peke yake kisingeweza kulibeba. James aliushusha uzito huo nyongani, kama mama anavyomfunga mtoto mgongoni kwa kanga, mzigo ukakaa pale mwili unapouweza. Ndiyo maana mvaaji aliweza kucheza dansi. Sketi inayumba kwa pamoja, na kwa kuwa pindo limeinuka mbele na nyuma, miguu ina nafasi ya kupiga hatua.

Fundi yeyote wa cherehani atashtuka zaidi akifika kwenye mkato. Pateni ina vipande 30; 28 hukatwa viwiliviwili, 2 hukatwa kimoja kimoja. Jumla ni vipande 58, na vingi vina ukingo wa mviringo. Hebu fikiria mshono mmoja tu, ule unaokutanisha mahameli na hariri nzito ya chini. Mahameli ina manyoya, hivyo hutambaa chini ya sindano na kuikimbia nguo ya pili. Ukiivuta kidogo, wimbi linakunjamana; ukiipiga pasi juujuu, manyoya yanalala na alama haitoki. Hapa hakuna marinda wala urembo wa kuficha kosa. Mstari mweusi unapita juu ya weupe, kila jicho linaufuata.

James aliuchagua ugumu huo kwa makusudi. Satini inarudisha mwanga, mahameli inaumeza, na hariri ya chini, yenye mistari myembamba ya mfumo, inaupokea kwa upole. Weusi uliozunguka sketi unafanya mawimbi yasomeke hata kutoka upande wa pili wa ukumbi.

Bibi Hearst alikuwa ameliagiza kwa ajili ya dansi ya kuapishwa kwa Rais Eisenhower, Januari 1953. Halikuwahi. Kuchelewesha kazi ilikuwa tabia ya James inayojulikana, na wateja wake waliteseka nayo. Lakini gauni hili, ambalo mwenyewe alilihesabu kuwa kilele cha kazi zake, lisingeweza kuharakishwa bila mawimbi yale kupinda.